Sarafu Isiyo na Tarehe na Udongo Unaoitunza

Kila ninapofundisha historia ya Pwani, wanafunzi huniuliza: sarafu za kale hulala kina gani ardhini? Wengi wameziona mashine za kutambua metali, zile ambazo wachimbaji wadogo wa dhahabu huziita ditekta, nao hudhani kwamba kadiri sarafu ilivyo ya kale ndivyo ilivyo chini zaidi. Dhana hiyo haina msingi.

Sarafu iliyoanguka penye udongo laini hufunikwa na nyungunyungu, majani na mchanga. Iliyoanguka juu ya jiwe la matumbawe yaweza kubaki palepale. Jembe huipandisha, mvua na mawimbi huifukua. Mashine ya kawaida nayo hutambua kitu cha ukubwa wa sarafu katika sentimita 20 hadi 30 hivi tu.

Umuhimu wa kina, basi, uko kwingine. Sarafu za shaba za Kilwa hazina tarehe. Upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu. Tarehe yake huisomi juu ya shaba. Huisoma katika tabaka la udongo na katika vitu vilivyolala pamoja nayo.

Tuchukue mfano wa Ali bin al-Hasan, mtawala anayetajwa katika sarafu nyingi za Kilwa. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbuzi wa Kilwa, alimweka karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina hilohilo, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Dinari hizo zilikuwa na tarehe. Ali bin al-Hasan akarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Lau mtu angezitenga dinari zile akaziuza, tungepoteza zaidi ya dhahabu: tungepoteza takriban karne nzima ya historia yetu.

Kinyume chake ni sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 na mwanajeshi Maurie Isenberg ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ziliokotwa mchangani, bila tabaka la kuzieleza. Hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Tatizo si mashine yenyewe. Mwaka 2010, huko Frome, Uingereza, Dave Crisp aligundua kwa ditekta chungu cha sarafu za Kirumi. Alipotambua alichokipata, aliacha kuchimba akawaita wanaakiolojia. Zilihesabiwa sarafu 52,503. Sheria ya huko ya mwaka 1996 humwezesha mgunduzi mwaminifu kulipwa.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua malikale bila leseni. Katazo hilo ni la haki, lakini peke yake halimwelezi mvuvi wa Songo Mnara amwone nani anapookota sarafu ufukweni, wala halimpi sababu ya kutomuuzia mpita njia. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, kazi hiyo ni yenu: mtendaji wa kijiji ajue pa kuripoti, na mwenye kuripoti apewe shukrani inayoonekana. Sarafu iliyouzwa yaweza kununuliwa tena. Tabaka lililovurugwa halirudi.