Diwani Isiyopangwa na Mtunzi Wake

Historia ya bendi za Ulaya na Marekani husimuliwa kwa albamu: ya kwanza ilitoka lini, ilipokewaje, wimbo gani ulitangulizwa na upi ukaachwa. Kipimo hicho hakiifai Morogoro. Morogoro Jazz Band iliundwa mwaka 1944, nayo iliwafikia watu kwa kanda za redio na kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Wapenzi wake walipata wimbo mmoja, wakakaa nao, kisha wakangojea mwingine, kama wasomaji wa mashairi ya magazetini.

Mji wenyewe ulikuwa tayari kwa muziki. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika chini ya milima ya Uluguru mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua wa makabila mengi, ambao lugha yao ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Wimbo wa Kiluguru ungewatosha watu wa milimani. Wa Kiswahili uliwatosha wote. Salum Abdallah alilifahamu hilo mapema. Akiwa na Cuban Marimba Band alichukua midundo ya Kyuba iliyoletwa na santuri za ng'ambo, akaivika maneno ya nyumbani. Ajali ya gari ilimchukua mwaka 1965. Katika miaka hiyohiyo Morogoro Jazz, washindani wake wa mji mmoja, walimpata kijana mpiga gita aliyezaliwa mwaka mmoja na bendi yao: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri; sahani zilitoka Nairobi. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba dakika nne au tano hivi. Wimbo wa dansi nao, kwa desturi, huanza na maneno taratibu, kisha hufuata chemko, magita na saksafoni yakaachiwa uwanja, na wachezaji hawataki uishe. Hautoshi upande mmoja. Basi ukakatwa: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Mwenye gramafoni alilazimika kuinuka katikati ya wimbo na kuigeuza sahani.

Washairi hawatalistaajabia jambo hili. Mshororo wa mizani kumi na sita nao hukatwa katikati, ukwapi huku na utao kule, na mtunzi hodari huutumia mkato badala ya kuulalamikia. Mbaraka alikuwa hodari. Mara nyingi kisa chake hutimia kabla sahani haijageuzwa: nani amekosewa, analalamikia nini, anaomba nini. Si tungo nyingi za dansi za zama zile zinazoweza kusomwa karatasini bila gita; zake zinaweza.

Wengi, hata hivyo, hawakuwa na gramafoni. Walimsikia kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyozirekodi bendi katika studio zake na kuzirusha nchi nzima. Bendi ikawa sauti ya taifa: mwaka 1970 iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Dakta Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 1971, Morogoro Jazz ilitoa wimbo juu yake, kazi ambayo enzi za mababu ingefanywa kwa utenzi.

Mwaka 1973 Mbaraka aliihama bendi akaunda Super Volcano. Wimbo "Shida" ukapendwa Kenya kama ulivyopendwa kwao. Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa.

Baada ya kifo ndipo kampuni ya Polygram ya Nairobi ilipozikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Hiyo ndiyo iliyokuwa diwani yake, na jina lenyewe linakiri kwamba mwenyewe hakuwapo kuipanga. Mombasa alikofia inakijua kisa cha namna hii. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940, karne nzima baadaye. Mbaraka hakungojeshwa hivyo. Lakini wakusanyaji wa Muyaka walishughulika na tukio lililozaa kila shairi na maana ya maneno yake, ilhali mwenye santuri hushughulika na kinachouzika. Mtu akitaka kujua ni wimbo upi ulimjibu nani katika ule ushindani wa Morogoro, jalada la santuri si mahali pa kuuliza.

Baadaye kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa mkusanyo mwingine wa nyimbo za Morogoro Jazz, Masimango, kwa uteuzi na mpangilio wake yenyewe.