Mazimwi wa Julai

Zamani sana, kabla Wajapani hawajaijua sinema, majira ya joto yalikuwa kwao ndiyo msimu wa hadithi za kutisha. Julai na Agosti huko si miezi ya mchezo: hewa husimama, jasho halikauki, usingizi hauji, na watu wa Edo, mji uitwao leo Tokyo, walishikilia kwamba hikaya ya mzuka, ikisimuliwa na fundi wake, humtia msikilizaji baridi ambayo upepeo hauwezi kuileta. Zaidi ya hayo, ndiyo majira ya Obon, ambapo roho za waliokufa husadikiwa kurudi majumbani kuzuru jamaa zao, na kwa hiyo mazungumzo ya wafu hayakuwa mageni masikioni mwa mtu. Walikuwa wakikusanyika usiku, wakawasha taa mia, kila mmoja akatoa kisa chake, na kila kisa kilipokwisha taa moja ikazimwa. Na yasemekana kwamba aghalabu waliokuwapo hawakuthubutu kuizima ile ya mia, kwa kuchelea lile ambalo lingewatokea gizani. Wenye majumba ya michezo ya kabuki, watu wasiokosa kunusa faida, nao waliujua msimu wao: mwaka 1825, katika majira hayo hayo, mtungaji Tsuruya Nanboku alionyesha kwa mara ya kwanza mchezo wake wa Yotsuya, wenye mzuka wa Oiwa, mke aliyenyweshwa sumu ikamharibu uso, na mchezo huo umekuwa ukirudiwa majira ya joto hata katika zama zetu.

Nayaeleza haya kwa sababu ile filamu ya katuni iliyotoka tarehe 18 Julai 1998, ya kwanza katika silsila ndefu ya Pokémon, wengi huidhania kuwa ni mwana wa tijara peke yake, asiye na nasaba. Nasaba anayo, tena ya pande mbili. Upande wa kwanza ni mchoraji Toriyama Sekien, ambaye mwaka 1776 alichapisha kitabu cha mazimwi wa Japani, akimpa kila mmoja ukurasa wake, sura yake na jina lake, kana kwamba ni mtaalamu anayepanga mimea ya bustani ya sultani. Kabla yake zimwi alikuwa ni khofu ya njiani. Baada yake akawa kitu cha kuhesabiwa, kulinganishwa na kutafutwa ukurasa unaofuata. Upande wa pili ni watoto wa Kijapani, ambao likizo ya majira ya joto ikifika hutoka na vyandarua vidogo vya mpini kuwinda nyenje na mbawakawa, wakawafuga kwenye vizimba na kuwapiganisha.

Satoshi Tajiri, mbuni wa mchezo wa Pokémon, aliyezaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, alikuwa mmoja wa watoto hao, na mapenzi yake kwa wadudu yalizidi kadiri hata wenzake wakamwita daktari wa wadudu. Mji ulipotambaa na kuyafunika mabwawa na mashamba aliyokuwa akiwindia, yeye aligeukia mashine za michezo. Mwaka 1983 akaanzisha gazeti la kuandikwa kwa mkono lililoitwa Game Freak, ambalo mwaka 1989 liligeuka kuwa kampuni. Alipouona waya uliounganisha vidude viwili vya Game Boy vya Nintendo, hakuwaza mashindano kama walivyowaza wengine, bali aliwaza mdudu akitambaa ndani ya waya kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwenziwe. Mchezo wenyewe ulitoka tarehe 27 Februari 1996, ukiwa na vizimwi 150 wa kukamatwa. Na wa 151, aitwaye Mew, alipenyezwa kwa siri mwishoni na mtunga programu Shigeki Morimoto, katika upenyo mdogo uliobaki baada ya kuondolewa zana za ukaguzi. Gazeti la watoto la CoroCoro lilipotangaza kwamba wasomaji 20 watapewa kiumbe huyo, waliotuma maombi walizidi 78,000. Wenye biashara hawakuhitaji tena kuambiwa walichonacho mkononi.

Kuhusu sinema ya likizo, njia ilikwisha kusafishwa na wengine. Kampuni ya Toei, tangu miaka ya 1960, ilikuwa ikifungasha katuni kadhaa fupi pamoja na kuzionyesha shule zikifungwa. Na tangu Machi 1980 Toho imekuwa ikitoa kila mwaka, ila mara chache, filamu ya Doraemon, yule paka wa chuma mwenye mfuko wa ajabu. Machi ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. Julai ikapewa Pokémon.

Nusura filamu hiyo isitolewe. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997 televisheni ilionyesha sehemu ya mfululizo wa katuni wa Pokémon ambamo Pikachu, yule mwenye umeme, aliyapiga makombora yakalipuka, na skrini nzima ikapepesa nyekundu na buluu kwa kasi kubwa. Watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na kifafa. Mfululizo ulisimamishwa kwa miezi minne, na hali baada yake, kwa watengenezaji na kwa wazazi, haikuwa ya furaha. Sehemu ile haikuonyeshwa tena. Nastaajabu kwamba watu waliotoka katika msiba wa namna hiyo hawakuikimbilia hadithi nyepesi ya kupoza nyoyo, bali miezi mitatu tu baada ya kurejea hewani walitoka na kisa kizito kuliko vyote walivyopata kuvitunga.

Mwandishi alikuwa Takeshi Shudo, na mwongozaji Kunihiko Yuyama. Kwanza watoto walionyeshwa kijipicha kifupi kuhusu likizo ya Pikachu, cheko tupu. Kisha taa zikiwa bado zimezimwa akatokea Mewtwo, kiumbe aliyeumbwa na wataalamu kutokana na mabaki ya Mew, ambaye akizinduka ndani ya chupa kubwa ya maji haulizwi ataka nini, naye hana la kuuliza ila yeye ni nani na kwa nini yupo. Sauti yake alipewa Masachika Ichimura, mwigizaji wa jukwaani, na huzuni ya kiburi aliyoitia mle si ya katuni. Mewtwo anaibomoa maabara, anajitenga kisiwani, anawaalika wafugaji wa vizimwi, na kuwatengenezea wanyama wao nakala ili nakala na asili zipigane. Zinapigana hata pumzi zinakatika. Pembeni, Nyarth, yule paka asemaye, anakabiliwa na nakala yake. Wanatazamana, wanaona haifai kitu, na wanakaa kuzungumzia mwezi. Kwangu mimi hapo ndipo pazuri kuliko pote, tena pazuri zaidi kuliko machozi yanayokuja baadaye, ambayo yanamfufua kijana Satoshi, shujaa wa filamu aliye wajina wa Tajiri, kwa urahisi usioridhisha akili.

Marekani iliipokea tarehe 10 Novemba 1999, katikati ya juma, nao watoto waliugua kwa wingi siku ile kiasi ambacho walimu hawakukiamini. Mapato yake huko yalipita dola milioni 85. Lakini waliyoiona haikuwa filamu ile ile: muziki ulibadilishwa, na swali la Mewtwo kuhusu kuwapo kwake likafunikwa kwa nasaha kwamba kupigana ni vibaya, nasaha ya ajabu katika hadithi ambayo riziki yake yote ni mapigano. Saudia, mwaka 2001, wanazuoni walitoa fatwa ya kuuharamisha mchezo wenyewe, wakiona karata zake zimekaribia kamari. Na mtu aliyewahi kuwaona watoto wakiziwekeana dau hatasema kwamba hoja ile ilitoka hewani.

Huko Japani hakukuwa na haja ya hoja, kwani sinema ya Julai ilikwisha kuwa desturi. Yuyama aliongoza ya kila mwaka hadi 2017, ishirini mfululizo, na umbo lake halikubadilika sana: mji mpya, ambao mwaka 2002 ulifanana na Venice kwa mifereji na madaraja, kiumbe adimu, maafa, kisha amani. Ukweli ni kwamba hadithi ilikuwa nusu ya mali iliyouzwa. Mwaka 2003 aliyenunua tikiti mapema alistahiki kiumbe Jirachi katika mchezo wake. Mwaka 2007, ndani ya majumba ya sinema yenyewe, Darkrai aligawiwa kwa mawimbi, na watoto wakakaa vitini na vidude vyao vya Nintendo DS vimefunguliwa, wakisubiri kiumbe ashuke mkononi kabla hawajamwona kwenye pazia. Mchango wa mzazi ulikuwa kulipa, kukaa kimya na kulinda mfuko wa bisi.

Filamu ya ishirini na tatu, kisa cha mtoto aliyelelewa na vizimwi msituni, ilipangiwa Julai 2020. Korona ikaisukuma hadi tarehe 25 Desemba, ikawa Julai ya kwanza tangu 1998 kupita bila ya filamu, na Julai iliyofuata nayo ikapita. Doraemon naye aliahirishwa kwa maradhi hayo hayo, lakini Machi 2022 alirejea mahali pake. Pokémon hakurejea, na sababu, nionavyo, si ugonjwa. Michezo mipya siku hizi aghalabu hutolewa mwishoni mwa mwaka, na kiumbe adimu huteremshwa kwa intaneti hadi sebuleni, wala hahitaji mtu kukata tikiti ili ampate.