UZI: "Mabroka kwisha!" Hii ahadi ina umri gani?

1. Kila kampeni lazima mtu asimame jukwaani aseme: "Tukiingia, mabroka kwisha!" Watu wanashangilia. Hata mimi nimewahi kushangilia. Nasoma sayansi ya siasa, na muhula huu nimeshinda kwenye historia ya soko la mahindi. Kumbe ahadi hii ilianza kabla babu zetu wapige kura. Sitataja chama wala mtu. Twende polepole.

2. Neno la zamani ni dalali, limetoka Kiarabu. Dalali hukutanisha mwenye mali na mnunuzi, naye anapata kitu kidogo. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kuingia bara ilibeba bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Zanzibar. Shika hilo neno "mkopo", tutalirudia.

3. Mwaka 1935 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya uuzaji wa mazao ya Waafrika. Ukitaka kununua mazao, uwe na leseni, na biashara ifanyike kwenye masoko yaliyotengwa. Sababu iliyotolewa ni utaratibu na ubora. Lakini wachuuzi wadogo waliozunguka vijijini ndio walibanwa. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari na duka, mtaji na leseni.

4. Vita Vikuu vya Pili vikaja. Mwaka 1942 serikali ikaanza kudhibiti biashara ya mahindi. Wakala wake akawa nani? Kenya Farmers' Association, shirika la masetla. Na setla na Mwafrika hawakulipwa bei moja. Yaani mtu wa kati alibaki palepale, ila sasa alikuwa na muhuri wa serikali.

5. Uhuru ukaja, udhibiti ukabaki. Mwaka 1979 bodi mbili ziliunganishwa, ile ya mahindi na ile ya ngano, tukapata NCPB. Kuhamisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na polisi walisimama barabarani kukikagua. Sasa kibali chenyewe kikawa mali. Aliyejuana na ofisi alikipata, na asiyejuana alitoa kitu kidogo kwenye kizuizi. Soko lilifunguliwa kikamilifu mwisho wa 1993.

6. Halafu simu. Wengi waliamini broka anashinda kwa sababu mkulima hajui bei ya soko. Mwaka 2010 wanawake watatu vijana walianzisha M-Farm hapa Nairobi: tuma SMS, upate bei ya mazao mjini. Wazo zuri sana, na mimi bado nalipenda.

7. Lakini acha niwapeleke Kinangop kwa shosho wangu. Nikiwa sekondari nilimwonyesha kwa simu bei ya viazi Nairobi. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyopewa shambani. Akacheka, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hiyo simu italeta lori?" Karo yangu ilitakiwa Jumatatu. Broka alikuwa na lori, alikuwa na pesa taslimu, na msimu uliopita ndiye aliyemkopesha mbegu. Shosho aliuza. Bei alikuwa anaijua vizuri, lakini hakuwa na njia nyingine.

8. Hapo ndipo nilielewa. Broka anafanya kazi tatu: usafiri, pesa za leo, na mkopo. Ukimfukuza bila kuleta mwingine wa kuzifanya, atarudi usiku. Hilo halimfanyi malaika. Lile gunia la viazi linalovimba juu, tunaloliita mukorino, linauzwa kwa bei ya gunia moja. Kanuni za 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Nenda shambani leo uone kama mizani imefika.

9. Sasa angalia M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Tunaisifu kwamba imetuondolea watu wa kati, lakini imejengwa juu ya mawakala, na wamejaa kila kona ya nchi. Kwa nini hakuna mwanasiasa anayeahidi kuwamaliza? Kwa sababu ada imebandikwa ukutani, wakala ana namba yake, na ujumbe unaingia kwa simu yako kabla hujaondoka. Kama kuna shida, unajua pa kuanzia.

10. Kwa hivyo hoja yangu ni hii: ada ya broka ifichuliwe. Shosho hajawahi kujua broka wake alibaki na shilingi ngapi kwa kila gunia. Miaka mingi ya leseni na vibali haikumwonyesha hiyo namba.

11. Mtu akikuambia tena "mabroka kwisha", muulize maswali matatu. Nani ataleta lori? Nani atalipa leo, si baada ya miezi mitatu? Na sehemu ya mtu wa kati itaandikwa wapi ili mkulima aisome? Akijibu yote matatu, mpigie makofi. Akikwepa, jua anatafuta kibali cha kuwapa watu wake.

12. Nimemaliza. Kwenu mabroka wako kwa nini: majani chai, ndizi, samaki, maziwa? Niandikie hapa chini, nataka kulinganisha.