Sahihi na Namba katika Kutambua Umri wa Noti za Tanzania

Mwanahistoria aipatapo karatasi isiyo na tarehe hutafuta ushahidi mwingine: mkono wa mwandishi, wino, au aina ya karatasi yenyewe. Wenye kuchunguza miswada yetu ya kale wameizoea kazi hiyo. Lakini ni wachache waliofikiri kwamba noti, ambayo hupita mikononi mwa watu wote, nayo yataka kuchunguzwa vivyo hivyo.

Noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki za wakati wa Mfalme George wa Sita zilichapwa pamoja na tarehe, na msomaji hana haja ya kubuni. Hali ilikuwa nyingine Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi tarehe 14 Juni, 1966. Noti zake za kwanza, za shilingi 5, 10, 20 na 100, zilikuwa na picha ya Rais Nyerere, wala hazikuandikwa mwaka. Mashahidi waliobaki ni sahihi mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana, pamoja na namba.

Sahihi hutupa mipaka. Edwin Mtei alikuwa Gavana tangu 1966 hata 1974. Akafuatwa na Charles Nyirabu hata 1989. Upande wa Wizara, Amir Jamal alishika kazi tangu 1965 hata 1972, Cleopa Msuya hata 1975, Jamal tena hata 1977, Mtei mwenyewe hata 1979, kisha Jamal kwa mara ya tatu hata 1983. Basi noti yenye sahihi za Msuya na Mtei pamoja haikutayarishwa kabla ya 1972. Tena, jina la Mtei peke yake halitoshi: hapana budi kutazama limetiwa penye cheo gani.

Ugumu umo katika sahihi za Jamal na Nyirabu. Wawili hao walikuwa kazini pamoja mara mbili, na katikati ya vipindi hivyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mwaka 1977, na Vita vya Kagera vikapiganwa, 1978 na 1979. Akosaye kutenganisha vipindi hivi huenda akaiweka fedha ya baada ya vita katika siku za Jumuiya. Hapo sahihi hunyamaza, na lazima tuulize sura ya noti, kwa kuwa ilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha namba.

Namba hutanguliwa na herufi, nazo huendelea kwa utaratibu kadiri uchapaji unavyoendelea. Mchunguzi akizikusanya noti nyingi na kuzipanga kwa herufi, ataona mahali ambapo sahihi moja hukoma na nyingine huanza. Lakini kila thamani ina mfululizo wake. Noti ya kumi haipimwi kwa noti ya ishirini. Tena, noti zilizoharibika kiwandani huweza kubadilishwa kwa nyingine zenye alama ya pekee, kama nyota itumiwayo Marekani, nazo hazifuati mfululizo wa kawaida.

Yafaa pia tukumbuke kwamba sahihi huonyesha wakati wa kutayarisha bamba la kuchapia, si siku noti ilipotoka benki. Akiba huweza kulala ghalani hata mwenye sahihi ameondoka kazini. Ni kama nakala ya utenzi: tarehe ya mnakili si tarehe ya mtunzi.

Kwa hiyo noti iliyokutwa ndani ya daftari la hesabu haituambii daftari liliandikwa lini. Hutuambia tu kwamba haikutiwa humo kabla ya mwaka fulani. Huo ni ushahidi mdogo, lakini ni wa kweli. Na mwandishi wa historia afadhali aandike “si kabla ya 1972” kuliko kutaja mwaka mmoja asioweza kuutetea.