Miti ya kiasili ya Thika na Ruiru na jinsi ya kuitambua

MWANAFUNZI anayesafiri kutoka Ruiru hadi Thika huona miti mingi kando ya barabara, lakini si yote yenye asili ya Kenya. Mukima na mkaratusi ililetwa kutoka Australia, nayo jakaranda ikatoka Amerika Kusini.

Miti mingi ya kiasili ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kupisha kahawa na mkonge. Baadhi ya mashamba hayo nayo yamegeuzwa mitaa ya makazi, hasa tangu upanuzi wa barabara kuu ya Thika ulipokamilika mwaka wa 2012. Iliyosalia yafaa kutafutwa kwenye kingo za mito Chania, Thika na Ruiru, na hapo ndipo matembezi ya kujifunza yanapostahili kuanzia.

Mkuyu hustawi karibu na maji. Gome lake lina rangi ya manjano, na matunda yake huota kwa vichala kwenye shina na matawi manene. Jina lenyewe la jamii ya Agikuyu huhusishwa na mti huu.

Mugumo ni wa ukoo huo huo. Aghalabu mbegu yake huangushwa na ndege juu ya mti mwingine, ikaota huko, kisha mizizi ikateremka hadi ardhini na kuukaba mti ulioubeba. Jani likichumwa, hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Agikuyu walisali na kutoa kafara chini yake, na kuukata ulikuwa mwiko.

Mjini Thika ipo bustani inayoitwa kwa jina la mti huu. Yasimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wageni ungekoma siku mugumo wa hapo utakapoanguka, na kwamba wakoloni waliuzungushia ukuta kuuimarisha. Mti huo ulianguka mwaka wa 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru.

Muringa hutambulika kwa majani mapana na maua meupe yanayopendwa na nyuki. Mbao zake hutengenezewa samani. Mukinduri una majani yenye rangi ya fedha upande wa chini, na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Muhuti una gome nene lenye miiba, na huchanua maua mekundu wakati majani yamepukutika. Mbegu zake nyekundu zina sumu, hivyo watoto wasizitie kinywani.

Mwalimu awaagize wanafunzi wachunguze shina, jani, utomvu na matunda ya kila mti, kisha wawaulize wazee jina lake na matumizi yake. Majani yaliyoanguka yanatosha kwa daftari. Hakuna haja ya kuvunja matawi wala kubandua magome.

Elimu hii ina uzito wake. Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito kwa kuwa hufyonza maji mengi. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, ingawa haitaji ni miti ipi. Uamuzi huo umebaki mikononi mwa anayepanda, naye hawezi kuchagua mkuyu au muringa ikiwa hakuwahi kuonyeshwa.