Sheria ya hali ya hewa: Nani mwenye idhini ya kutangaza kimbunga?

Tahadhari ya mvua kubwa, upepo mkali au kimbunga nchini Tanzania hutolewa na taasisi moja tu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Msingi wake ni Sheria Namba 2 ya mwaka 2019, iliyopitishwa na Bunge mapema mwaka huo.

Hadi mwaka 1977 utabiri ulikuwa mikononi mwa idara ya pamoja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1978, na Desemba 3, 1999 TMA ikaanzishwa kama wakala wa serikali. Wakala huo uliweza kutabiri, lakini haukuwa na meno ya kuwadhibiti wengine waliofunga vipimo vyao na kubaki na takwimu zao.

Sheria ya 2019 iliubadili wakala kuwa mamlaka kamili, yenye uwezo wa kudhibiti na kuratibu huduma za hali ya hewa, vikiwemo vituo vya watu binafsi. Faida yake ni ya kitaalamu zaidi kuliko ya kiutawala: mvua inaweza kunyesha Ubungo na Kigamboni kukawa kukavu, na bila vipimo vingi hakuna mtabiri awezaye kuitofautisha mitaa hiyo.

Ngazi za tahadhari ni tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, nazo huenda na rangi ya njano, chungwa na nyekundu.

Hata hivyo, TMA hutangaza tu. Haihamishi mtu bondeni. Kazi hiyo inaangukia Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022, inayosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji. Zanzibar ina sheria yake ya maafa ya mwaka 2015. TMA yenyewe iko chini ya wizara ya uchukuzi, urithi wa enzi ambapo mteja mkuu wa utabiri alikuwa rubani.

Kimbunga Hidaya kilionyesha mfumo huo ukifanya kazi. Kilifuatiliwa kikiwa bado baharini, tahadhari zikatolewa, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa kabla hakijafika Mafia Mei 4, 2024. Wanaoikumbuka MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe katika upepo mkali Julai 18, 2012, wanaijua thamani ya boti kubaki gatini.

Hanang ni habari nyingine. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima iliyonyonya maji ilimeguka.

Utabiri wa mvua hutaja mkoa au ukanda. Hautaji mteremko. Kujua ni mteremko upi umelegea ni kazi ya wanajiolojia, na taasisi yao, GST, iko chini ya Wizara ya Madini. Kwa maporomoko ya aina ile, basi, onyo kamili linahitaji ofisi tatu zizungumze kabla mvua haijaanza: uchukuzi, madini na ya Waziri Mkuu.