Ugonjwa wa Mabikira na Dawa ya Chuma

Mwaka 1554 tabibu Mjerumani Johannes Lange alieleza ugonjwa wa wasichana: uso umepauka, moyo unadunda, pumzi zinakatika wakipanda ngazi. Aliuita ugonjwa wa mabikira, na tiba aliyoshauri ni ndoa. Kosa lilianzia hapo: dalili zilionwa sawasawa, chanzo kikatafutwa kwenye ubikira badala ya damu. Katika karne ya 17 Thomas Sydenham wa Uingereza aliwapa wagonjwa wake chuma, na mwaka 1832 Mfaransa Pierre Blaud akatangaza vidonge vyake vya chuma. Hata hivyo, wapo walioendelea kuhesabu uchovu na uzito wa akili wa binti kuwa hulka yake tu.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba huenda chuma kilituliza tumbo tu. Tabibu Ralph Stockman alilijibu hilo mwaka 1893: alidunga chuma chini ya ngozi ya wagonjwa, kisipite tumboni kabisa, na damu yao ikaimarika. Ubongo ulingoja zamu yake ya kuchunguzwa muda mrefu zaidi, aibu kwa utabibu. Mwaka 1996, huko Baltimore, Marekani, ulichapishwa utafiti wa wasichana wa sekondari waliopungukiwa chuma bila kufikia upungufu wa damu. Waliomeza chuma kwa wiki 8 waliwashinda wenzao waliopewa vidonge bandia katika kujifunza na kukumbuka maneno. Ndoa haikuhitajika.